Mahali Iliposimama Sauti ya Bi Mwanamkasi

Zamani ukiuliza nyumba ya Nadra Matar pale Kiponda, hukuelekezwa kwa duka wala kwa msikiti. Uliambiwa ufuate uchochoro tu mpaka umsikie Bi Mwanamkasi anamwita huyo Nadra, mwanawe, ukimsikia, umefika. Na kama mwanawe yuko Darajani kazini, basi Bi Mwanamkasi alimwita muuza mkate, au paka, au mjukuu wake Ummy, maana kinywa chake hakikujua kupumzika. Mgeni hakupotea hata siku moja.

Sauti ile hakuipata mjini. Bi Mwanamkasi ni mtu wa Paje, na kwa miaka ishirini na ushei alilima mwani. Maji yakitoka, wanawake hutawanyika kila mmoja na shamba lake, upepo unavuma, mwenzio yuko kule, na ukimtaka kamba au kisu lazima umwite kwa kifua, la sivyo utakaa na shida yako. Ndiko koo lilikokomaa. Mumewe alipofariki akaja mjini kukaa na Nadra, ghorofa ya tatu ya nyumba ya mawe ambayo kuta zake zina unene wa mkono mzima. Kuta zile hazipitishi simu. Ukitaka kuzungumza na mtu ni lazima upande ngazi ya mbao mpaka juu ya paa, penye kamba za kuanikia nguo. Lakini Bi Mwanamkasi zilimpitisha.

Na alikuwa na sheria yake. Akikuita usimjibu "nini", wala "ee", wala "nnakuja". Mtoto wa kike akiitwa huitika "labeka", kisha huinuka akenda. Nadra alikuwa na miaka thelathini na sita, talaka moja, mtoto mmoja, na meza yake mwenyewe Darajani anapochapa kadi za harusi na ratiba za maulidi, lakini mamake akimwita alikuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani. Nadra! Labeka, mama! Jirani wa chini alishazoea, hata siku nyengine akawa anaitika yeye kwa mzaha.

Sasa nisikufiche, Nadra ana kasoro moja, na jina lake ni baadaye. Si mvivu, hasha, mikono yake haitulii. Ila jambo lisilompigia kelele huliambia lingoje. Sauti ya mamake ilipoanza kukwaruza, mwaka jana, waliambizana ni baridi tu: tangawizi, asali, maji ya karafuu, na daktari baadaye. Walipofika kwa daktari, hiyo baadaye ilikuwa imekwisha. Saratani ya koo. Kisanduku cha sauti kitolewe chote, na bibi avute pumzi kwa tundu la shingoni. Atakula, atatembea, ataishi inshallah miaka mingi. Ila kusema, hatasema tena.

Nadra alilia siku mbili. Ya tatu akafuta macho, akaifungua laptopu yake, akasema kama Mungu kaandika sauti iondoke, basi isiondoke yote. Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya mamake kulazwa. Atamrekodi kila siku, azungumze mpaka achoke, na hayo yatakuwa yao, yeye na Ummy na mdogo wake Badria aliyeolewa Muscat, mjamzito wa mimba ya kwanza.

Programu ya kurekodia alitiliwa na Abdulhakim, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na meza yake pale Darajani. Mtu mpole, anazungumza na mashine kama muuguzi anavyozungumza na mgonjwa. Akamfungulia folda, akaiita "Mama", akaiagiza programu: kila ukiamshwa, simama hapa. Maana programu nazo zina desturi zao. Ikiamka lazima isimame mahali, na ukiiambia "weka hiki" bila ya kuitajia pahala, itakiweka pale pale iliposimama, pawe pazuri pawe jalalani. Abdulhakim alilieleza hilo mara mbili. Nadra akasema ndiyo, ndiyo, nshafahamu, na akili yake iko hospitali.

Kurekodi kwa mwanzo kulikwenda sekunde kumi na moja. Bi Mwanamkasi, mwanamke aliyesema maisha yake yote, alipowekewa kile kidude mbele ya uso aliona haya kama bibi harusi. "Niseme nini mie?" akauliza, akakohoa, akacheka, basi. Nadra akaihifadhi hivyo hivyo, ikakaa ndani ya folda ya Mama, sawasawa.

Jioni yake Nadra alipanda nayo juu ya paa penye mtandao, kompyuta ikaomba ijisasishe. Nadra akaikubalia, na kazi ikiwa katikati bando likamalizika. Hapo ndipo balaa lilipotaga yai. Programu ile imeungwa kwa vifurushi kadhaa. Vingine viliwahi kuingia vipya, na kimoja, kile hasa chenye kazi ya kuiambia isimame wapi, kikabaki cha toleo la zamani. Kipya na kikuukuu havikusikilizana. Kompyuta ikatoa kitangazo kwamba inataka kuzimwa na kuwashwa upya, na chini yake vitufe viwili, "Sasa" na "Baadaye". Mnajua alibonyeza kipi. Kesho yake ikamuuliza tena, akabonyeza kile kile. Laptopu yenyewe alikuwa haizimi. Akimaliza huifunika tu, akaiacha kwenye waya.

Na kwa nini ashuku? Kila mamake alipomaliza kusema, kwenye kioo lilitokea neno "Imehifadhiwa". Rekodi iliingia kwenye orodha, ukiibonyeza inasema. Mtu atake nini zaidi?

Siku ya pili haya zilimtoka Bi Mwanamkasi, ya tatu alikuwa hakamatiki. Alisimulia siku alipoumwa uchungu wa Badria kulekule mwanini, wenzake wakambeba na bado ameshika kamba mkononi. Aliwaita mabinti zake na Ummy mmoja mmoja kwa majina yao. Aliomba dua. Aliwasema watu wawili watatu wa Paje ambao wamekwisha kufa, kisha akawaombea msamaha. Na adhana ikilia alinyanyua mkono, Nadra akasimamisha mashine, wakanyamaza wote wawili mpaka muadhini amalize, ndipo wakaendelea.

Hilo la adhana halikuwa na mjadala. Bi Mwanamkasi hajapata kusema neno juu ya adhana inayolia, wala hakuruhusu kitu kingine kiseme. Redio izimwe. Katuni za Ummy kwenye laptopu zizimwe. Na kwa kuwa mara nyingi adhana ilimkuta Nadra jikoni, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, alimfundisha mamake: "Shika hapa pembeni, mama, bonyeza uhesabu mpaka tano, itanyamaza." Bi Mwanamkasi simu hakuijua, ila kitufe kile cha kuwashia na kuzimia laptopu alikijua kama anavyojua tasbihi yake. Tangu siku ya kurekodi ya mwanzo Ummy alikatazwa kuigusa laptopu, kwa hiyo hakuna aliyekibonyeza.

Rekodi zikafika thelathini na moja. Ya mwisho, siku moja kabla ya kulazwa, ilikuwa ya mtoto wa Badria aliyekuwa bado tumboni. Bi Mwanamkasi aliimba ule wimbo wa kubembelezea alioliwazia mabinti zake wote wawili, sauti imeshachakaa, inakatika, anaishika tena. Alipomaliza akamwambia yule mtoto asiyemjua: "Mie bibi yako. Ukinisikia, nyamaza ulale." Nadra alibonyeza kuhifadhi, akatoka chumbani haraka ili asionekane.

Basi wakaenda, akapasuliwa, akarudi. Akawa amekaa kwenye kiti chake kile kile karibu na dirisha, shingo imefungwa kitambaa cheupe, mtu mzima amenyamazishwa. Uchochoro mzima ulipoa. Akitaka kitu hupiga makofi, au hugonga kijiko kwenye kikombe. Likiwa refu huliandika kwenye daftari kuukuu la Ummy, kwa herufi za Kiarabu, maana yeye alikwenda chuoni tu, skuli hakukanyaga. Nadra huyasoma maneno yale polepole kwa kidole. Lakini bado bibi alijisahau. Akikuona unapita hufungua kinywa akuite, midomo inacheza, halafu anakumbuka, anaushika mdomo kwa kiganja. Nadra akiliona hilo hugeuza uso. Zile rekodi hakuwahi kuzisikiliza tena. Alisema atazisikiliza baadaye.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu, juma la pili tangu warudi. Ummy yuko skuli, Nadra yuko juu ya paa anaanika mashuka, meseji ikaingia kutoka Muscat. Badria kajifungua alfajiri, mtoto wa kike, wazima wote. Na chini yake: "Analia hanyamazi, dada, na mie nalia naye. Nitumie sauti ya mama."

Nadra aliteremka ngazi anacheka na machozi yanamtoka. Akampa mamake habari, bibi akanyanyua mikono yote miwili juu, akamshukuru Mungu kimyakimya. Nadra akaketi, akaifunua laptopu, akafungua folda ya Mama.

Ndani yake mlikuwa na faili moja.

Akaifunga, akaifungua tena, kama mtu anayetikisa mkoba akidhani pesa zitaanguka. Moja. Akaibonyeza: niseme nini mie, kikohozi, kicheko, kwisha. Akaenda kwenye programu yenyewe, na kule, subhanallah, orodha ipo, zote thelathini na moja zimejipanga. Akabonyeza moja, mamake akasema. Kwenye kiti chake Bi Mwanamkasi alinyanyua kichwa kujisikia, akatabasamu. Basi zipo, na wakati huo huo hazipo. Nadra alitafuta kila folda anayoijua, na asiyoijua akaifungua. Akachukua simu na kipande cha karatasi, akapanda juu.

Abdulhakim alikuwa Paje, hoteli moja ya wale wageni wanaokokotwa na vishada baharini, anafunga mitambo. Aliposikia hadithi hakuuliza mengi. Aliuliza kama laptopu imewahi kuzimwa tangu siku aliyomtilia programu. Nadra akasema hata mara moja, na akatubu hapo hapo kwa kuwa kila siku inamwomba naye anaiambia baadaye. Fundi akashusha pumzi.

"Baadaye yako leo imekuokoa," akasema. "Sikiliza, dada Nadra. Usiizime. Usiifunike. Programu usiifunge, na mashine usiitoe kwenye waya wala usiibebe. Twende kwanza tukaiulize imesimama wapi."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi asubuhi ile, mmoja Paje na mmoja Kiponda, na katikati yao ngazi ya mbao yenye vidato kumi na tisa. Fundi anasoma amri herufi kwa herufi, Nadra anaiandika kwenye karatasi, anateremka, anaiandika kwenye dirisha jeusi la kompyuta la kupokea amri, ananakili jibu, anapanda nalo. Kutuma picha haikuwezekana. Bando, kama kawaida yake, lilikuwa limekwisha. Kila akipita mbele ya mamake, bibi humtazama kwa macho ya kuuliza, naye husema si kitu, mama, si kitu.

Amri ya mwanzo ilikuwa ya kuuliza: umesimama wapi? Jibu likaja zuri kabisa, folda ya nyumbani. Nadra akapanda mbio, akidhani yamekwisha. Kumbe sivyo. Fundi alijilaumu mwenyewe: lililojibu ni lile dirisha jeusi, limesema liliposimama lenyewe, si iliposimama programu. Ni sawa na kumuuliza jirani yuko wapi wakati umempoteza mtoto wako. Akampa amri nyengine ya kuiuliza programu yenyewe, ndefu, ina namba ndani yake.

Jibu la safari hii Nadra hakulifahamu, akalisoma tu kama lilivyo. Kule Paje fundi akamtaka alirudie, akalirudia.

"Ndiyo nini hiyo, fundi?"

"Dada, programu yako imesimama kwenye folda ya muda."

Akamweleza, na alimweleza taratibu, lakini hakuna utaratibu unaolifanya jambo lile lisiumize. Kile kifurushi cha zamani kimeshindwa kuiambia programu isimame wapi, nayo isipoambiwa hujitafutia pa kusimama, na imesimama pale mashine inapotupa vitu vya kupita. Vilivyomo pale havimo kwenye diski. Vimo kwenye kumbukumbu ya mashine, na mashine ikizimwa haiachi hata alama. Kukibadilisha kile kifurushi sasa hivi ndiyo dawa, lakini programu itajizima ianze upya, na hapo dawa itamuua mgonjwa. Kwanza wanakili, kisha ndiyo watengeneze.

Nadra aliteremka. Akaingia ndani ya folda ile ya muda, akakuta vifolda vinne vitano, na majina yake kama mtu kamwaga herufi sakafuni. Programu ndiyo iliyovifungua na kuvipa majina, nayo kwa nje haisemi kipi ni cha nini. Akachagua kimoja akajaribu kunakili. Kompyuta ikamjibu hakuna kitu chenye jina hilo. Kakosea herufi moja, au mbili, hajui. Jasho linamtiririka mpaka machoni. Akajaribu tena, ikamkatalia tena. Mfa maji haishi kutapatapa. Akapanda juu.

Abdulhakim akamwambia iko njia. Achague rekodi iliyo ndefu kuliko zote, aianzishe, aiache iseme. Programu ikiwa inaisemesha, faili limo mkononi mwake, na mashine ikiulizwa "umeshika nini?" haiwezi kuficha, italitaja faili kwa jina lake lote na pahala pake pote. Aliandike jina hilo, apande nalo, naye atamtungia amri kamili, herufi kwa herufi, na hapo zote thelathini zilizomo mle zitahama kwa pigo moja. Ila rekodi isikome, kwani programu ikimaliza kuisemesha inaliachia faili, na itabidi waanze tena.

Iliyo ndefu kuliko zote ni ya uchungu wa Badria kule mwanini, dakika ishirini na sita. Nadra akaianzisha. Sauti ya Bi Mwanamkasi ikajaa chumba, ile ya zamani, ile ya kifua. Bibi kwenye kiti akaweka mkono shavuni akawa anasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali uso wake ulikuwa umekunjuka. Nadra akaandika amri. Mashine ikajibu. Jina likaja, mstari mzima na robo. Akalinakili kwenye karatasi, akalihakikisha, akalihakikisha tena, akapanda vidato kumi na tisa bila ya kuvihisi.

Alikuwa anasoma herufi ya kumi adhana ya adhuhuri ilipolia. Mji wetu mnaujua, msikiti mmoja ukianza mwengine unaupokea, na juu ya paa zote zinakujia pamoja. Abdulhakim akanyamaza, kisha akasema wangojee kidogo wamwitikie muadhini. Siku nyengine Nadra angekuwa wa kwanza kunyamaza. Siku ile aliziba sikio moja kwa kidole, simu akaigandamiza kwenye la pili, akasema, "Nakuomba, fundi, usingoje. Endelea." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama, na yule mtu mpole hakuweza kumkatalia. Wakaendelea juu ya adhana, yeye anapaza sauti, fundi anapaza, herufi moja wanairudia mara tatu, mpaka amri yote ikatimia kwenye karatasi. Akaisoma mwanzo mpaka mwisho. Fundi akasema ndiyo hiyo hasa, nenda.

Aliteremka ameishika karatasi kwa mikono miwili. Adhana ilikuwa imekwisha. Na kidato cha mwisho ndipo alipotambua kwamba chumba kiko kimya.

Kioo kilikuwa cheusi. Waya upo, taa ya umeme ukutani inawaka, kioo cheusi. Bi Mwanamkasi yuko kwenye kiti chake, viganja viwazi mapajani, midomo inacheza kwa ile dua ya baada ya adhana.

Nadra akaketi. Aliiwasha mashine. Ikaamka vizuri, nyepesi, kama iliyopata usingizi ilioutaka mwezi mzima. Akafungua programu, orodha ni tupu. Akaingia kwenye folda ya muda. Ni safi, imefagiliwa. Akafungua folda ya Mama. Niseme nini mie.

Akapanda juu mara nyengine, mara hii polepole, akamwambia fundi mashine imezimika. Abdulhakim aliuliza imezimika au imezimwa, kisha akasema haidhuru, ni mamoja. Nadra akamwomba. Akamwambia wapo watu wanarejesha vitu vilivyofutwa, kasikia, wako Dar, wako Nairobi, atampelekea yeyote. Akasema atauza mashine za kazi yake. Abdulhakim alimwacha amalize.

"Kinachorejeshwa ni kilichoandikwa kwenye diski, dada yangu," akasema. "Hivi havikuandikwa popote. Ningekuwa na njia ningekuwa nshapanda gari."

Meseji ya pili ya Badria ilikuwa imefika. "Nangojea," imesema, na kiungo cha picha ya mtoto ambacho bila ya bando hakikufunguka.

Sasa mtu akivunjika moyo hutafuta wa kumlaumu, na aliye karibu ndiye humwangukia. Nadra alirudi chumbani macho mekundu, akasimama mbele ya kiti cha mamake, akauliza nani kazima. Bi Mwanamkasi akajigusa kifua. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kwake yeye alikuwa kafanya jema. Akaonyesha sikio, akaonyesha dirishani upande wa msikiti, akainua vidole vitano, mpaka tano, kama alivyofundishwa.

Nadra akasema neno ambalo angetoa kila alichonacho alirudishe.

"Kwa nini hukuniita?"

Lilitoka kwa ukali, na lilipotoka akalisikia. Bi Mwanamkasi naye alilisikia. Kisha akalivuta daftari la Ummy, akailamba ncha ya kalamu ya risasi kama wanavyofanya watu wa zamani, akaandika, bila ya haraka, kulia kwenda kushoto. Akampa.

Nadra akapitisha kidole. Mstari wa kwanza ulisema: Ilikuwa sauti yangu mimi, inasema juu ya adhana. Wa pili ulikuwa mfupi zaidi, na ilimchukua muda kuusoma kwa sababu herufi zilikuwa zinaogelea.

Nimekwita mara tatu.

Basi akaona yote. Akamwona bibi anainuka kitini, anajikokota mpaka chini ya ngazi ya mbao, anatazama juu kwenye mwanga, anafungua kinywa kama alivyokifungua miaka yote, na chumbani nyuma yake sauti yake mwenyewe inaendelea kusimulia, kali, nzima, haimsikilizi. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Halafu anarudi anabonyeza kitufe.

Nadra hakumwambia kilichopotea. Alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mamake, juu ya daftari.

"Labeka, mama," akasema. Akasema tena. Na akasema tena, mpaka zikatimia tatu.